Madebe Arobaini na Mawili ya Maji

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatano, niliteremsha mti wa lango mbele ya ng'ombe ishirini na mmoja waliokuwa na kiu ya siku tatu, nikawanyima maji. Saa hiyo naijua kwa sababu niliiandika. Wanne kati ya ng'ombe hao walikuwa wa mama yangu, na ndio waliokuwa karo yangu ya shule. Sikujua. Kati ya watu wote waliosimama pale, aliyejua alikuwa mmoja tu, naye hakuweza kusema.

Kila nilipomsimulia mtu jambo hili, swali lake la kwanza lilikuwa ni lile lile: inawezekanaje mtu asiwajue ng'ombe wa mama yake mzazi? Nitalijibu, lakini nianze na maji, kwa sababu bila maji hakuna kinachoeleweka.

Bwawa lilikuwa nyikani upande wa Kishushe, mwendo wa siku nzima kushuka kutoka kwetu Wusi. Lilichimbwa kwa majembe na wazee wa kizazi kilichotangulia, mahali ambapo mkondo wa mvua hupita, na kuta zake zilikuwa za udongo mwekundu uliopigwapigwa ukakaza. Mvua zikiwa nzuri lilijaa likafika kwenye migunga. Mwaka ninaouzungumzia, katika miaka ya hamsini, mvua za vuli zilinyesha siku nne tu zikakatika. Mto wenye maji ulikuwako, lakini ulikuwa ndani ya mpaka wa mbuga ya wanyama, na ng'ombe aliyekamatwa humo alizuiliwa, na mwenye ng'ombe akatozwa faini. Basi watu wote wa upande ule walibaki na bwawa moja.

Mwaka uliotangulia, bwawa lilikuwa wazi. Kila mchungaji alileta mifugo wakati aliotaka, ikashuka yenyewe majini. Ng'ombe akiingia majini hanywi tu akaondoka. Husimama humo apoe, hukojoa na kunya humo, na kwato zake huchimbua udongo wa chini unaozuia maji yasizame. Kufikia mwisho wa kiangazi, kilichobaki kilikuwa uji wa kijani, na ndama waliokunywa uji huo walihara mpaka wakafa. Wazee wa maji wakakutana wakaamua bwawa lizungushiwe ua wa miiba, liwe na lango moja, mifugo inyweshwe nje ya ua kwenye hori la gogo la mti, na pawe na mlinzi anayejua kusoma na kuandika.

Mlinzi huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne nikaacha, kwa sababu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli pale Voi, alikufa, na karo ikafa naye. Aliniachia saa ya mfukoni iliyokimbia kwa dakika mbili kila siku, nami niliirekebisha kila nilipofika stesheni. Wazee walinipa shilingi kumi na nane kwa mwezi, daftari moja, na watu wawili wa kuteka maji kwa debe.

Sheria niliziandika mimi mwenyewe katika ukurasa wa kwanza, wazee wakisema nami nikipanga maneno. Hakuna mnyama atakayevuka ua. Kila kundi lina siku yake, likinywa leo linaruka kesho. Ng'ombe hutangulia, mbuzi hufuata. Atakayekosa siku yake atangoja siku yake ijayo. Mzee mmoja aliongeza, "Lakini mlinzi atumie akili yake." Maneno hayo sikuyaandika. Niliona kwamba akili haiandikiki.

Nilichomeka kijiti bwawani, nikakichonga alama, nikawa nakisoma kila asubuhi. Nilihesabu kwamba ng'ombe mmoja wa kiangazi hunywa madebe mawili. Nilijua maji yaliyobaki yangefika siku ngapi kama kila mtu atafuata zamu, na nilijua kwamba siku hizo na siku ya kutarajia mvua hazikuachana kwa zaidi ya wiki moja. Hesabu hiyo ilinifurahisha kuliko ilivyostahili. Wachungaji waliniita Karani wa Matope.

Sasa kuhusu ng'ombe wa mama.

Kwetu Taita mtu wa zamani hakuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Mmoja alikaa kwa rafiki huyu, wawili kwa mkwe yule, mwingine bondeni kwa mtu asiye hata wa ukoo. Ugonjwa ukiingia boma moja haukummaliza. Na jambo la pili, ambalo watu hawalisemi sana, ni kwamba kwa njia hiyo hakuna aliyejua utajiri wako. Mchungaji aliyepokea ng'ombe wa mtu alikunywa maziwa yake na kuufunga mdomo wake. Kumtaja mwenye ng'ombe bila ruhusa yake lilikuwa kosa ambalo mtu hakulisahau hadi kaburini. Kwa hiyo katika daftari langu niliandika majina ya wachungaji. Majina ya wenye ng'ombe hayakuwamo, na hakuna mlinzi ambaye angeweza kuyapata.

Mama alikuwa mjane, na mjane alikuwa na sababu zaidi ya kuficha. Baba alipokufa, nduguye, yaani baba yangu mdogo, aliwachukua ng'ombe wawili waliojulikana, akasema anawatunza. Hawakurudi. Kwa miaka miwili mama alibeba kabichi na maharage mgongoni kutoka Wusi hadi Voi, akiwauzia wafanyakazi wa reli waliotoka pande za ziwa, watu waliopenda mboga na waliolipa mwisho wa mwezi bila ubishi. Kwa senti hizo alinunua mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe usoni, akampeleka kwa mchungaji mmoja mzee kule nyikani. Mtamba yule akazaa, watoto wake wa kike wakakua. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba, kila nilipotaja shule, mama alisema, "Vumilia. Siku itafika." Nami nilidhani ananifariji kama mama yeyote anavyomfariji mtoto.

Jumatano ile makundi matano yalikuwa na zamu. La kwanza lilikuwa la baba mdogo. Alikuwa amefika kabla ya jua, amekaa juu ya jiwe karibu na lango, akila kiazi baridi. Wateka maji walikuwa wameshaanza kujaza hori. Ndipo nilipoona vumbi upande wa kaskazini, na mchungaji mzee akatokea na ng'ombe wake ishirini na mmoja. Siku yake ilikuwa Jumanne. Hakuja Jumanne. Mara ya mwisho alinywesha Jumapili.

Niliteremsha mti wa lango, nikatazama saa, nikaandika.

"Karani," aliniita akiwa bado mbali. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Karani, jana simba walitutawanya. Mpaka jioni nilikuwa nakusanya. Hawa wawili wa nyuma nimewapata leo alfajiri."

"Pole, mzee. Zamu yako ilikuwa jana."

"Najua ilikuwa jana. Jana hiyo ndiyo nakuambia ilivyokuwa."

"Zamu yako ijayo ni kesho."

Alitazama ng'ombe wake. Walikuwa wamesimama vichwa chini, mbavu zikihesabika. Aliyetangulia alikuwa ng'ombe mkubwa mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Alikuwa amenyoosha shingo kuelekea maji, hatikisiki.

"Kesho ni siku ya nne," alisema mzee. "Mwanangu, ng'ombe si ngamia."

Baba mdogo alicheka na kiazi mdomoni. "Simba! Kila anayechelewa siku hizi ameonana na simba. Mimi nalala nyika hii hii, simba wangu wako wapi?"

"Wako wamekuona wewe wakaogopa kunyimwa zamu," mzee alimjibu, na wateka maji wakacheka.

"Sikia," baba mdogo aliniambia, akijifuta mikono. "Ukimfungulia huyu leo, kesho ni mwingine na simba wake, na kesho kutwa mwingine na chui. Wewe ni mlinzi ama si mlinzi? Fuata daftari lako."

Ni kweli alinisukuma, lakini sitaki kumtwika mzigo wangu. Nilikuwa nimeshaamua kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nimeshazidisha ishirini na moja mara mbili. Ni madebe arobaini na mawili, na madebe hayo hayakuwamo katika hesabu ya siku ile.

Mzee alinisogelea mpaka akashika mti wa lango. Alishusha sauti. "Kijana. Kuna ng'ombe hapa ambao ungewajua, usingenifungia."

Nilimwona akimtupia jicho baba mdogo, kisha akayarudisha macho kwangu, akanyamaza. Kunyamaza kwake nilikuelewa vibaya kabisa. Wachungaji wote walikuwa na maneno ya namna hiyo. Mmoja ana ng'ombe wa chifu, mwingine wa mwalimu, mwingine wa mzee wa kanisa.

"Wote husema hivyo, mzee," nilimjibu kwa sauti ya kusikika. "Kila kundi hapa lina ng'ombe wa mtu mkubwa."

"Si mtu mkubwa," alisema.

"Basi mwenyewe ni nani? Mtaje niandike."

Baba mdogo alikuwa ameacha kutafuna. Mzee alishusha mkono wake kutoka kwenye mti. "Siwezi," alisema. Akapiga mluzi, akawageuza ng'ombe wake kwa taabu, akawapeleka kwenye kivuli cha migunga, kama hatua mia tatu upande wa mashariki. Yule mwekundu ndiye aliyekuwa wa mwisho kugeuka.

Niliandika: *Kundi la 9, limekosa zamu. Kesho.*

Upande wa mashariki ndiko ua wangu ulikokuwa dhaifu. Ndovu walikuwa wameung'oa sehemu siku tatu kabla, nami nikauziba kwa matawi makavu, kwa kuwa wateka maji walikuwa wamechoka na nilitaka nguvu zao ziende kwenye madebe. Katika daftari, Jumatatu na Jumanne, nimeandika maneno haya haya: *Ua wa mashariki, miiba zaidi.* Niliandika mara mbili. Kukata miiba sikukata.

Hadi saa sita kasorobo makundi matatu yalikuwa yamekunywa. Jua lilikuwa limesimama, na upepo uliokuwa ukitoka mashariki ukageuka ukaanza kutoka kwetu kwenda kwao, ukibeba harufu ya maji na ya udongo uliolowa kando ya hori. Saa sita na dakika kumi nilisikia mzee akipiga kelele. Nilipogeuka, yule mwekundu alikuwa akikimbia, na wengine nyuma yake. Sikuwahi kuona ng'ombe waliodhoofika hivyo wakikimbia namna ile. Hawakufuata njia ya lango. Walikuja moja kwa moja kwenye ua wa mashariki, wakaupita kama watu wanavyopita kwenye pazia, miiba ikining'inia mbavuni mwao.

Bwawa linapokauka, maji hurudi katikati na kuacha pembeni ukanda wa matope. Juu matope hukauka yakafanya ganda linaloonekana gumu. Chini ya ganda hakuna sakafu. Ndiyo sababu ya pili ya kutowaruhusu ng'ombe kushuka, na niliijua. Wanne wa kwanza walipiga hatua tano au sita juu ya ganda, likavunjika, wakazama hadi tumboni. Walikuwa yule mwekundu na watatu waliomfuata kwa karibu. Siku ile nilidhani ni bahati mbaya tu iliyowaweka pamoja. Walikuwa mama na watoto wake, na ng'ombe wa kike hutembea nyuma ya mama yake hata akiwa amekwisha kuzaa mwenyewe.

Wawili wengine walizama kando yao. Waliobaki walipita juu ya migongo ya hao, wakafika kwenye maji, wakanywa bila mtu wa kuwazuia.

Niliingia. Baba mdogo aliingia. Mzee, wateka maji, wachungaji wote waliingia matopeni na kamba za katani. Mtu asiyewahi kumtoa ng'ombe matopeni hudhani kazi ni kuvuta. Ukimvuta shingo unamnyonga. Inabidi uchimbe kwa mikono kila mguu uingize hewa, upitishe kamba chini ya kifua, na watu wanane wavute kwa ubavu, na kila mguu ukiutoa matope hurudi mahali pake. Baba mdogo alilala kifudifudi akichimba kwa viganja, kofia yake imezama, akirudia, "Taratibu, mama, taratibu," kwa ng'ombe ambaye hakujua ni wa nani. Tulimtoa mtamba, yule mdogo katika wanne. Alisimama, akatetemeka, akaenda majini, hatukuwa na nguvu za kumzuia.

Yule mwekundu nilimvuta mimi mwenyewe. Alikuwa ananitazama. Kufikia saa tisa kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya matope na inzi walikuwa wakitembea juu ya jicho lake bila yeye kulifumba.

Mwenye duka, Mwislamu kutoka pwani aliyeuza sukari na sabuni njia ya kwenda Kishushe, alifika na kisu chake kilichofungwa kitambaa. Mtu alikuwa amekimbia kumwita, kwa sababu nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe hakuna atakayeinunua Voi.

"Huyu yu hai?" aliuliza, akiwa amekunja kanzu kiunoni.

"Yu hai."

"Ashike mtu masikio, ageuzwe kibla." Tukahangaika. "Kichwa tu, basi, kichwa chatosha. Na huyu?"

"Huyo amekata roho sasa hivi."

"Amekata, basi huyo si wangu. Nyamafu siinunui, ndugu zangu, hata kwa senti kumi. Nisameheni."

Alichinja wawili kati ya watano waliokuwa matopeni. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Jioni, waliokunywa bila kipimo walianza kuyumba. Wawili walilala, wakakojoa mkojo mwekundu, miguu ikipiga chini, na kabla usiku haujaingia wakafa, yule mtamba akiwa mmoja wao. Miaka mingi baadaye nilisoma katika kitabu cha ufugaji nilichonunua kwa bei ya karatasi kuukuu kwamba ng'ombe mwenye kiu ya siku nyingi hupewa maji kidogo kidogo. Wazee walilijua bila kitabu, na hori lilitosha kwa kazi hiyo, lau wangelifikia kwa mpango.

Jumla walikufa saba. Wanne walikuwa wa mama. Mpaka hapo mimi nilijua hesabu ya saba tu.

Maji yalichafuka. Tulitoa mizoga Alhamisi kutwa, na wazee wakasema bwawa liachwe litulie siku nne. Kundi la tisa, lililokuwa na zamu Alhamisi, lilikunywa yaliyobaki horini. Makundi mengine yaliondoka kutafuta kwingine. Kijiti changu kilikuwa kimeangushwa na ng'ombe, na sikukichomeka tena.

Ijumaa wazee wa maji waliketi. Nilisoma daftari tangu mwanzo, saa kwa saa. Walisikiliza kwa heshima. Mzee wao alisema kwamba mlinzi hana kosa, sheria aliifuata, na laiti wote wangeifuata hivyo. Kuhusu ua wa mashariki hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa maandishi yalionyesha kwamba niliuona. Walimuuliza mchungaji mzee kama ana neno. Alisema hana. Walimuuliza wenye ng'ombe ni akina nani, ili wapewe pole. "Wenyewe watajua," alijibu. Waliniongeza shilingi mbili kwa mwezi. Nilizipokea kwa furaha, na siku ile yote nilijiona mtu mzima.

Jumamosi nilipewa ruhusa ya kupanda nyumbani, kwa kuwa bwawa lilikuwa limefungwa.

Ipo desturi nyingine ambayo sijaitaja. Ng'ombe wa amana akifa, mchungaji humpelekea mwenyewe ngozi, na masikio yakiwa juu yake. Hiyo ndiyo risiti. Bila ngozi, mchungaji atasemwa kwamba alimuuza au alimla. Kwa kawaida hupelekwa kimya, mtu asione. Lakini ngozi nne mbichi ni mzigo wa punda, na katika jua lile zisingengoja. Mchungaji mzee aliondoka mara tu baraza lilipokwisha, akapanda nazo mchana kweupe, na kijiji kizima cha Wusi kikasimama mashambani kutazama punda anasimama mlangoni kwa nani.

Nilifika saa kumi na robo. Ngozi nne zilikuwa zimetandazwa uani, zimewambwa kwa vigingi. Moja ilikuwa nyekundu yenye doa jeupe usoni. Niliitambua kabla sijaelewa.

Mama alikuwa ameketi kizingitini, anachambua maharage.

"Mama, ngozi hizi ni za nani?"

"Zangu." Hakuinua uso. "Umekula?"

"Sijala. Mama, zako vipi?"

"Ng'ombe wangu. Wa shule yako. Nilitaka wafike watano, mwakani niwauze wawili wawili, usirudi shule ukatolewa tena katikati." Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Mzee hakutaka kuniambia nani alikuwa langoni. Nilimlazimisha. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Aliomba?"

"Aliomba."

"Akasema nini?"

"Alisema kuna ng'ombe ambao ningewajua, nisingemfungia."

"Na wewe?"

"Nilisema wote husema hivyo."

Aliendelea kuchambua. Nilimweleza kuhusu sheria, na kijiti, na madebe arobaini na mawili. Nilimweleza kwa mpangilio, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kueleza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Hayo madebe uliyookoa, nani aliyakunywa?"

Maji yale hayakunywewa na mtu wala mnyama.

Jumapili baada ya ibada baba mdogo alikuja. Alisimama uani akizitazama ngozi, na nadhani alimtambua yule aliyekuwa akimwambia taratibu, kwa maana aliinama akaigusa moja kwa kiganja. Lakini mtu hurudi kwenye tabia yake.

"Kumbe, shemeji," alisema, "ulikuwa na boma na hukutuambia."

"Ningewaambia, wangeishi?"

"Mali ya nyumba ya ndugu yangu ni ya ukoo. Hilo unalijua."

"Ndugu yako alikufa na ng'ombe wawili. Wako wapi?"

"Usinigeuzie maneno. Nasema hivi: ulichopata kwa hawa, tuketi tugawane."

Mama aliinuka, akang'oa vigingi vya ngozi mbili, akazikunja, akamwekea miguuni. "Hizi hapa. Jifunike, baridi ya milimani si nzuri kwa mtu wa umri wako." Alizichukua. Nilimwona akishuka nazo begani, na moja ilikuwa ya yule mtamba.

Kwetu, hasira ya mzazi haiachwi moyoni. Watu wa zamani waliamini kwamba mzazi akinyamaza na uchungu wake, uchungu huo humfuata mtoto kwa ugonjwa au kwa bahati mbaya, hata kama mzazi mwenyewe hataki. Dawa yake ni kutasa. Mtu hujaza maji kinywani, au maji ya miwa, akayapuliza nje kwa nguvu huku akiiambia hasira itoke. Kanisa halikupenda jambo hilo, na mama alikuwa mtu wa kanisa. Hata hivyo Jumatatu asubuhi, kabla sijashuka nyikani, alinisimamisha mbele yake na kikombe cha bati.

Alipiga funda. Nilingoja. Mashavu yake yalijaa, macho yake yakanitazama, kisha koo likapanda na kushuka. Alikuwa ameyameza.

"Bado," alisema. "Sitaki kudanganya. Nenda kazini."

Nilishuka. Wiki tano nililinda bwawa lisilo na foleni. Niliujenga ua wa mashariki upya kwa mikono yangu, miiba mibichi, tabaka tatu, na hakuna aliyejaribu kuuvuka. Sheria niliziongezea mstari mmoja: atakayechelewa kwa shida apewe debe moja moja, zamu ijazwe baadaye. Mvua ziliponyesha wazee walifunga kazi, nikapanda nyumbani nimelowa. Mama alikuwa uani akikinga maji ya paa kwa sufuria. Aliteka kwa kikombe kile kile, akapiga funda, na mara hii aliyapuliza yote, yakaruka mbele ya miguu yangu yakachanganyika na mvua. "Alifunga bila kujua," alisema. "Itoke." Kisha akaniambia niingie ndani nikaukie.

Shule sikurudi. Mama hakununua ng'ombe mwingine. Saa ya baba niliiuza Voi mwaka uliofuata, nikanunua vitabu viwili na kamusi.

Hesabu ya ng'ombe wale niliifanya jioni ile ya mvua, nyuma ya daftari la bwawa, nami ninalo hadi leo. Mwekundu, kwa kuwa alikuwa amezeeka, shilingi mia na kumi. Wawili wa maziwa, mia na thelathini kila mmoja. Mtamba, tisini. Hizo ni mia nne na sitini. Kilichopatikana ni nyama ya mmoja aliyewahi kuchinjwa, shilingi thelathini na tano, na ngozi mbili alizobaki nazo mama, nne nne. Hasara ni shilingi mia nne na kumi na saba.